Kunyamaza si Subira: Habari ya Askari Aliyeumia na Haki Yake



Katika mji wetu wa Songea, kila mwaka ifikapo tarehe 27 Februari, watu hukusanyika katika mtaa wa Mahenge, pale ilipo Makumbusho ya Majimaji, kuwakumbuka wazee walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Hotuba husemwa, ngoma za Kingoni huchezwa, na vijana wa shule husimama juani hata wakachoka. Pembeni mwa mkusanyiko huo husimama mzee mmoja ambaye hakai kitini hata akikaribishwa mara tatu. Wasiomjua hudhani ni kiburi. Wanaomjua wafahamu kwamba goti lake la kulia halikunjiki, na kwamba msikitini pia husali juu ya stuli, kando ya safu, tangu miaka mingi iliyopita.

Mzee huyu ni Mndendeule wa upande wa Namtumbo, aliyehamia mjini akajenga mtaa wa Lizaboni. Jina lake hatulitaji, kwani hakutupa ruhusa hiyo, na jambo lenyewe lawahusu wengi kuliko yeye peke yake. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, yeye alikuwa askari kijana wa miaka ishirini. Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa tarehe 2 Novemba mwaka ule, na baada ya muda mchache kijana huyu alikuwa ndani ya gari la kwenda kaskazini, mahali ambapo hakupata kupaona katika maisha yake. Alifika mpaka Masaka. Katika mapigano ya Lukaya, mwezi wa Machi 1979, kombora lilianguka karibu na wenzake. Wawili walifariki palepale, naye akaingiwa na vyuma pajani na gotini. Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979 yeye alikuwa kitandani hospitali, akasikia habari hiyo katika redio ya muuguzi.

Alirudi Songea, akaoa, akalima, akapata watoto. Mguu ulikuwa wamuuma wakati wa baridi, na Songea, kama mjuavyo, mwezi wa Juni na Julai ina baridi kali. Miaka ilivyozidi kwenda ndivyo goti lilivyozidi kukaza, hata jembe likamshinda. Ndipo alipoandika kuomba malipo ya kilema alichokipata vitani. Jawabu lilikuja baada ya muda mrefu, nalo lilikuwa la mistari minne: kwamba ombi lake limeangaliwa, kwamba hapana kumbukumbu ya jeraha lile katika karatasi zilizopo, na kwamba kwa sababu hiyo ombi halikukubaliwa.

Aliisoma barua hiyo mara moja, akaikunja, akaitia ndani ya jalada la msahafu wake. Humo ikakaa miaka sita.

Nilimwuliza barazani kwake, baada ya Sala ya Alasiri, kwa nini hakujibu. Akaniambia, "Mwanangu, serikali ikishasema, imesema. Mimi nilimwachia Mwenyezi Mungu. Subira ni nusu ya imani."

Hapa ndipo penye maneno yetu ya mwezi huu. Kumwachia Mwenyezi Mungu ni jambo jema, wala hatuwezi kulitia dosari. Lakini wengi wetu twachanganya mambo mawili. Subira ni kuvumilia kile ambacho mja hana njia ya kukiondoa, na kutokata tamaa wakati anapoitafuta njia. Mtu mwenye njia akaacha kuipita kwa sababu ya haya, au uvivu, au hofu ya karani, huyo hajasubiri, amenyamaza tu. Na mara nyingine kunyamaza kwake hakumdhuru yeye pekee, bali mkewe anayebeba maji badala yake, na mjukuu anayeacha shule ili akalime shamba la babu.

Mtume wetu (S.A.W.) alipata kujiwa na mtu aliyekuwa akimdai, na mtu yule akanena kwa ukali hata Masahaba wakataka kumwadhibu. Mtume akawazuia, akawafahamisha kwamba mwenye haki anayo nafasi ya kusema. Basi tazama: mdaiwa hapa ni mbora wa viumbe, na mdai alikosa adabu, na hata hivyo hakunyang'anywa nafasi yake ya kusema. Yeye anayedai kwa heshima, kwa karatasi na kwa mashahidi, ana haki zaidi ya kusikilizwa.

Pia wako wanaodhani kwamba kumwomba mkubwa aitazame tena hukumu yake ni kumvunjia heshima. Na wasome Sura ya Al-Anbiyaa, aya ya 78 na ya 79, ambamo Mwenyezi Mungu ataja hukumu ya Nabii Daudi na mwanawe Nabii Suleiman katika shauri la shamba lililoliwa na kondoo usiku. Wafasiri wasimulia kwamba Daudi aliamua mwenye shamba apewe kondoo wale. Suleiman akaona njia nyingine: mwenye shamba awachukue kondoo kwa muda, anywe maziwa na atumie sufi, na mwenye kondoo alitunze shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mtu arejeshewe mali yake. Shauri moja lilitazamwa mara mbili, na mara ya pili ikapatikana hukumu iliyo bora. Wala Daudi hakupungukiwa na unabii wake, kwani aya yenyewe yasema wote wawili walipewa hukumu na elimu.

Na Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.), ambaye ndiye aliyeanzisha daftari la majeshi ya Waislamu lililoitwa Diwani, karibu na mwaka wa 20 wa Hijra (641), alimwandikia Abu Musa Al-Ash'ari barua mashuhuri juu ya kazi ya ukadhi. Miongoni mwa aliyomfundisha ni kwamba hukumu aliyoitoa jana isimzuie kuirudia haki leo ikiwa imembainikia, kwani kurudi katika haki ni bora kuliko kuendelea na kosa. Tena akamwagiza ampe mdai muda wa kuuleta ushahidi wake. Mambo haya mawili, muda wa kuleta ushahidi na mlango wa kurudia hukumu, ndiyo roho ya kile tunachokiita rufani.

Umar mwenyewe aliyatenda aliyoyasema. Katika daftari lile askari na jamaa zao waliandikiwa posho yao kutoka Baitul Mali, na watoto waliandikwa tangu siku ya kuachishwa ziwa. Usiku mmoja Umar alikuwa akizunguka Madina akasikia mtoto akilia, akamwambia mama yake amtulize. Akapita mara ya pili na ya tatu, mtoto bado analia. Alipomwuliza mama sababu, naye hakumjua aulizaye ni nani, akasema anamwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati, kwa kuwa Umar hatoi posho ila kwa aliyeachishwa. Yasimuliwa kwamba Umar alisalisha Sala ya Alfajiri, na watu hawakuweza kusikia kisomo chake vizuri kwa kulia. Asubuhi ile ikanadiwa katika mji kwamba kila mtoto ataandikwa tangu siku ya kuzaliwa.

Mama yule hakuwa na wakili wala hakuandika barua. Alisema tu kweli mbele ya mtu aliyeweza kuibadili kanuni, na kanuni ikabadilika. Lakini Umar hapiti usiku katika mitaa ya Lizaboni na Mfaranyaki. Siku hizi kanuni imo katika faili, faili limo katika ofisi iliyo mbali, na mwenye faili ndiye anayepaswa kuifuata kwa kalamu.

Yafaa vijana wajue kwamba haki hii ya askari kukata rufani haikuanguka kutoka mbinguni hata katika nchi tajiri. Uingereza, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, askari wengi walikataliwa pensheni na wizara, wakapiga kelele mpaka mwaka 1919 yakaanzishwa mabaraza ya rufani, kila baraza likiwa na mwanasheria, daktari, na mtu aliyepata kuwa askari akaumia. Mwaka 1943, vita vya pili vikiwa bado vyaendelea, sheria ilitengenezwa upya, na shaka iliyo ya haki ikawa inamwangukia askari kwa manufaa yake, si kwa hasara yake. Marekani nayo ilikuwa na bodi ya rufani za askari wastaafu tangu mwaka 1933, lakini mpaka mwaka 1988 askari aliyeshindwa mbele ya bodi ile hakuwa na mahakama ya kuendea. Miaka hamsini na mitano nzima!

Sasa tazama upande wetu. Watanganyika zaidi ya 80,000 waliingia jeshini katika Vita Kuu ya Pili. Walipigana Habeshi mwaka 1941, Madagascar mwaka 1942, na Burma mwaka 1944, katika mvua na malaria ya bonde la Kabaw. Wengine waliondoka Songea hawajapata kuiona bahari. Waliporudi walipewa bakshishi ya kuagwa, na kipimo cha bakshishi hiyo kilitazama rangi ya ngozi: Mwafrika alipata kiasi cha theluthi moja ya kile alichopata Mzungu wa cheo kilekile. Mabaraza ya rufani yalikuwa Uingereza, na kutoka Songea mpaka London si safari ya mtu aliyekatwa mguu. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza karibu pauni milioni 12 kwa ajili ya kuwasaidia chakula wazee waliobaki wa majeshi hayo ya kikoloni na wajane wao, katika nchi za Jumuiya ya Madola. Wakati huo aliyeingia jeshini akiwa na miaka kumi na minane mwaka 1942 alikuwa amekwisha fika miaka tisini na minne. Msaada ule ulikuja kama sadaka. Sadaka ni njema, na mwenye njaa haikatai, ila si sawasawa na haki, kwa kuwa haki hupewa mtu na hesabu yake, na sadaka hupewa kwa kadiri ya huruma ya mtoaji.

Iko habari nyingine, ya vita vya kwanza, ambayo wazee wa Mwanza walikuwa wakiisimulia kwa kicheko. Askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani, lililokuwa chini ya Lettow-Vorbeck, waliweka silaha chini mwezi wa Novemba 1918 huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala, nchini Zambia. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi likakubali kuwalipa waliobaki hai mshahara wao uliosalia. Yasemwa kwamba walipoitwa Mwanza walifika wazee wapata mia tatu na hamsini, lakini wachache tu walikuwa na cheti walichopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare za zamani. Mjerumani aliyeletwa na fedha akatafakari, kisha akampa kila mzee fimbo ya ufagio, akamwamrisha kwa Kijerumani afanye mazoezi ya bunduki. Hakuna hata mmoja aliyekosea.

Kisa hiki chachekesha, lakini ndani yake mna somo zito juu ya ushahidi. Karatasi ilikuwa imepotea, na ukweli ulikuwa haujapotea. Ulikuwa umebaki katika mikono na masikio ya wazee wale, miaka arobaini na sita baadaye. Mwenye kuamua alikuwa na akili ya kuutafuta mahali ulipo.

Turudi kwa mzee wetu wa Lizaboni. Barua ilitoka katika msahafu kwa sababu ya mkewe. Siku moja alikuwa akipangusa vumbi rafuni, karatasi ikaanguka, akamwita mjukuu aliyekuwa kidato cha tatu amsomee. Kijana akasoma, kisha akasema neno ambalo babu yake hakulifikiri katika miaka sita: "Bibi, hawakusema babu hakuumia. Wamesema hawana karatasi."

Wallahi kijana huyu alikuwa amefahamu jambo ambalo watu wazima wengi hawalifahamu. Barua ya kukataa huwa ina sababu ndani yake, na rufani yote husimama juu ya sababu ile. Asemaye "hapana kumbukumbu" hujibiwa kwa kumbukumbu. Asemaye "maradhi haya hayatokani na vita" hujibiwa na daktari. Asemaye "umechelewa" hujibiwa kwa kuonyesha ni nini kilichokuchelewesha. Na ikiwa barua haikutaja sababu yoyote, jambo la kwanza ni kuandika na kuiuliza sababu hiyo, kwani mtu hawezi kujibu asichoambiwa.

Barua ya kwanza ya mzee, ile iliyokataliwa, nimeiona nakala yake. Ilianza kwa dua na kumalizika kwa dua, na katikati yake alieleza umaskini wake, na nyumba inayovuja, na bei ya mbolea. Hakutaja namba yake ya jeshi. Hakutaja kikosi chake. Hakutaja mahali wala mwezi alioumia. Msomaji mwenye huruma angelia, na karani mwenye faili asingekuwa na pa kushika. Umaskini ni kweli, lakini malipo ya kilema hayatolewi kwa sababu ya umaskini; hutolewa kwa sababu mwili ulipungua katika kazi ya nchi.

Safari hii mwalimu wa madrasa aliitwa, na kijana akaleta daftari. Walikaa na mzee jioni tatu, wakimwuliza na kuandika. Cheti cha kuachishwa jeshi kilikuwapo, kimeliwa na mchwa pembeni lakini namba yasomeka. Kadi ya hospitali ya wakati wa vita haikuwapo tena. Ilipotea nyumba ya kwanza ilipobomoka kwa mvua. Mwalimu akauliza, "Mzee, wako wenzako waliokuwapo siku ile, walio hai?" Mzee akafikiri sana. Wawili. Mmoja yuko Tunduru, mwingine Mbinga. Hakuwa ameonana na yule wa Tunduru kwa muda wa miaka kumi na mmoja.

Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, yatuamrisha kuandika madeni yetu na kushuhudisha, na yawakataza mashahidi kukataa wanapoitwa. Twaisoma mara nyingi tukidhani yahusu maduka tu. Yule wa Tunduru alipopigiwa simu hakuuliza nauli. Alikuja kwa basi, akaenda kuapa mbele ya wakili, ikaandikwa hati ya kiapo: jina lake, namba yake, mahali alipokuwa amesimama, na kwamba alimbeba mwenzake kwa mikono yake. Wa Mbinga aliumwa, akaapia hukohuko na hati ikaletwa na mwanawe. Walipokutana wale wawili barazani, huyu wa Lizaboni na yule wa Tunduru, hawakusema neno kwa kitambo. Kisha wakaanza kutaja majina ya waliokufa, na mama wa nyumba akaondoka akaenda kupika.

Lakini ushahidi mkubwa kuliko wote ulikuwa umekaa naye siku zote. Katika hospitali ya mkoa alipigwa picha ya eksirei, na katika picha ile vikaonekana vipande vitatu vyeupe, kimoja karibu na mfupa wa goti. Daktari aliandika alichokiona, na akaandika kwamba goti halikunjiki na kwa sababu gani. Chuma hakioti katika paja la mkulima kama uyoga. Hata hivyo yahitaji kusemwa kwamba daktari huyo aliombwa aandike mambo matatu kwa uwazi: kilema ni kipi, kimemzuia mtu kazi gani, na kama chaafikiana na jeraha analolieleza. Cheti cha daktari kisemacho "mgonjwa anaumwa mguu" hakimfai mtu kitu.

Baadhi ya wasomaji watauliza: na ofisi ikikataa tena, je? Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 13(6)(a), yaeleza kwamba mtu ambaye haki zake zaamuliwa na mahakama au chombo kingine anastahili kusikilizwa kwa ukamilifu, na kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya sheria. Neno "chombo kingine" lina maana kubwa, kwani ofisi iamuayo malipo nayo ni chombo. Kwanza hupandwa ngazi za ofisi yenyewe, mpaka ya juu kabisa, kwa barua. Zikiisha, mtu aweza kwenda Mahakama Kuu kuomba uamuzi ule utazamwe kama ulifuata sheria, na Mahakama Kuu inayo kanda yake hapahapa Songea. Mwombaji huanza kwa kuomba ruhusa, na ombi hilo la ruhusa halina budi kupelekwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi utolewe. Miaka sita ndani ya msahafu, ndugu zangu, ni mara kumi na mbili ya muda huo. Atakaye kuishtaki Serikali kwa kesi ya kudai haki hutakiwa kutoa kwanza ilani isiyopungua siku 90, na nakala impate Mwanasheria Mkuu.

Asiye na fedha ya wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria ambao huwasaidia watu bila malipo, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko juu ya ofisi za serikali bila ya kutoza ada.

Wanaoharibu njia hii ni watu wa namna mbili. Wa kwanza ni vishoka. Hawa hukaa karibu na vituo vya mabasi na maofisi, wamevaa vizuri, hujitia kuwajua wakubwa wote, na humwambia mzee kwamba faili lake "limekwama" na kwamba fedha kidogo italikwamua. Mmoja alimjia mzee wetu akataka shilingi laki mbili. Mkewe alimwuliza, mbele ya watu, faili lina namba gani. Hakujua. Mtoa rushwa na mpokeaji wote wamelaaniwa na Mtume (S.A.W.), na mwenye haki anayeinunua haki yake kwa njia hiyo huwa amempa mwizi nguvu ya kumwendea jirani yake.

Wa pili ni wale wanaodai wasichostahili. Wapo, na tuseme kweli kwamba ndio wanaowafanya makarani wawe wagumu kwa wenye haki. Mtume wetu alitutahadharisha kwamba huenda mmoja wa wagombanao akawa na ulimi mwepesi kuliko mwenziwe, akahukumiwa kitu cha ndugu yake, na kitu hicho kitakuwa kwake ni kipande cha Moto. Wakati wa kuandika barua ile ya rufani, mwalimu alitaka kuongeza kwamba mzee hasikii vizuri kwa sababu ya mlio wa makombora. Ni kweli hasikii vizuri. Lakini mzee akamzuia, akasema, "Masikio yalianza juzi tu, mwalimu. Haya ni ya uzee. Andika goti."

Maneno hayo yaliachwa. Nami naamini kwamba barua ile ilipata nguvu kwa kuachwa kwake.

Iliandikwa kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina, namba, kikosi, tarehe ya barua ya kukataliwa, na sentensi moja iliyosema anachoomba: uamuzi ule utazamwe upya, naye apimwe na madaktari. Kisha aya nne, kila moja ikijibu jambo moja na kutaja kiambatisho chake. Nakala tatu zilitolewa. Moja ilipelekwa, moja akapewa mwanawe mkubwa aliyeko Njombe, na moja mkewe akaitia katika mfuko wa plastiki na kuiweka juu ya kabati, mbali na mchwa. Kijana alipoipeleka ile ya kwanza hakukubali kuondoka mpaka nakala yake ilipopigwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Karani alimkasirikia kidogo, kisha akapiga.

Baada ya miezi tisa hakuna jawabu. Wakaandika barua ya kukumbusha, ya mistari mitano, wakitaja tarehe ya muhuri ule. Mwezi wa kumi na nne likaja jawabu: aende akapimwe.

Mzee alisafiri kwa basi la alfajiri, yeye na mjukuu wake, na eksirei imefungwa katika bahasha kubwa kifuani kwa kijana. Kiti cha mbele walipewa na dereva, ili mguu upate pa kunyooka. Madaktari walikuwa watatu. Mmoja wao aliitazama picha kwa muda mrefu, akaigeuza upande wa mwanga, akauliza, "Hii ilikuwa wapi, mzee?" Mzee akasema, "Lukaya." Daktari akaandika.

Tulipokwenda mitamboni, jawabu la mwisho lilikuwa bado halijafika. Nilimkuta barazani, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, na kijana akimsomea tena barua ya kuitwa. Mzee akamwuliza ni siku gani waliyopimwa. Kijana akamtajia. Akahesabu kwa vidole, akamwambia atafute kalamu, waandike ile ya kukumbusha kabla mwezi haujaandama.